Gharama Ambayo Haiandikwi Kwenye Ankara

Waheshimiwa wakurugenzi, ndugu wahasibu, ndugu mafundi wa mifumo, na ninyi nyote mnaohudumia wateja mkiwa mbele ya skrini ambayo hamkuulizwa kabla haijanunuliwa, nawashukuru kwa kuja na kwa kunipa muda wenu.

Nianze kwa kuwauliza swali. Programu mnayoitumia kazini inagharimu kiasi gani? Wapo hapa ambao wangenijibu papo hapo bila kufungua faili, kwa kuwa bei ya leseni inajulikana, malipo ya ufungaji yanajulikana, ada ya matengenezo ya kila mwaka inajulikana, na yote yamekwisha kupita kwenye bajeti na kutiwa saini. Basi niulize tena kwa namna nyingine. Programu hiyo hiyo inagharimu kiasi gani inapokosea? Na inapokosea, nani hulipa?

Hapo naona nyuso zinatazamana, na sishangai. Gharama ya programu isiyoaminika ina tabia moja ambayo ndiyo iliyonileta mbele yenu leo: haipotei kwa sababu haikuandikwa, huhamishwa. Hutoka kwenye hesabu za aliyenunua ikaenda kuangukia mezani kwa karani, ikaingia mfukoni mwa mteja, ikamkuta fundi aliyeamshwa usiku wa manane. Watu hao hawakuwapo kikaoni siku mfumo ulipochaguliwa. Kwa hiyo hakuna aliyeihesabu, na kwa kuwa hakuna aliyeihesabu, mfumo ulioonekana wa bei nafuu ndio ulioshinda zabuni.

Tuanze na gharama iliyo ndogo kwa sura, ile ya kila siku. Katika kazi yangu nimekaa na idara za uhasibu na za ghala za kampuni mbalimbali, na huwa nawaomba jambo moja mapema kabisa: nionyesheni daftari la pembeni. Mara nyingi sana lipo. Katika kampuni moja ambayo sitaitaja, karani wa ghala alikuwa amegundua kwamba ripoti ya bidhaa zilizopokewa huzihesabu baadhi ya stakabadhi mara mbili kila mtandao unapokatika katikati ya kuhifadhi. Alikwisha kutoa taarifa, akaambiwa suala linashughulikiwa. Akafungua jedwali lake mwenyewe kwenye kompyuta, akawa anaingiza kila stakabadhi mara mbili, kwenye mfumo na kwenye jedwali, na jioni analinganisha. Ufungaji wa hesabu za mwezi ukawa unategemea jedwali hilo, ingawa hakuna mkurugenzi aliyejua kuwa lipo.

Sasa tafakarini. Saa za karani yule ziliandikwa wapi? Ziliandikwa kwenye mishahara. Hazikuandikwa kwenye gharama za programu, wala hazingeweza kuandikwa huko, kwa kuwa hakuna mstari wake. Na jambo linaloniumiza zaidi ni hili: kadiri alivyofanya kazi kwa uaminifu, ndivyo mfumo ulivyoonekana mzuri. Ripoti zilizopanda kwa uongozi zilikuwa sahihi kwa sababu yeye alizisahihisha. Uongozi ukasoma ripoti sahihi, ukaamini mfumo, ukaongeza mkataba. Bidii ya mfanyakazi mwema ndiyo pazia linaloficha ubovu wa chombo alichopewa, na siku akiondoka, pazia linaondoka naye.

Mwaka 2002 taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa utafiti uliokadiria kwamba hitilafu za programu ziligharimu uchumi wa nchi hiyo takriban dola bilioni 59.5 kwa mwaka. Takwimu hiyo ni ya zamani na huenda mmekwisha kuisikia. Kinachosomwa kwa haraka ni sehemu inayoifuata: zaidi ya nusu ya gharama hiyo iliangukia watumiaji wa programu, na iliyobaki ndiyo iliyowapata watengenezaji. Watafiti waliona pia kwamba zaidi ya theluthi moja ingeweza kuepukwa kwa kuboresha majaribio. Kwa maneno mengine, anayeweza kuzuia hasara ni mmoja, na anayeibeba sehemu yake kubwa ni mwingine. Palipo na mpangilio wa namna hiyo, ndugu zangu, msitegemee hasara ipungue yenyewe.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo nitalikalia kwa muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu naliona ndilo zito kuliko yote. Tumezoea kuhofia mfumo unaozimika. Mfumo ukizimika kila mtu anajua, simu zinapigwa, mafundi wanakimbia. Mfumo wa kuogopwa ni ule unaoendelea kufanya kazi huku ukitoa hesabu zisizo za kweli, kwa utulivu, kwa tarakimu zilizopangika vizuri, na kila mtu akiziamini.

Mnaijua habari ya Horizon? Huo ni mfumo wa kompyuta ulioanza kusambazwa kwenye ofisi za posta za Uingereza mwaka 1999. Ofisi nyingi ndogo huko huendeshwa na watu binafsi wenye mkataba na Shirika la Posta, na shirika liliutumia mkataba huo kuwadai walipe upungufu wowote wa fedha unaoonekana kwenye hesabu. Mfumo ulipoanza kutumika, upungufu ukaanza kuonekana. Jioni mtu anahesabu fedha zake, mfumo unamwambia zimepungua maelfu ya pauni. Anahesabu tena, zimepungua. Anapiga simu kuomba msaada, na wengi waliopiga waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Wapo waliolipa kwa akiba yao. Wapo waliokopa kwa ndugu. Wapo waliouza nyumba. Na wapo waliofikishwa mahakamani kwa wizi na kughushi hesabu, wakafungwa, kwa ushahidi wa mashine.

Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani katika kesi zilizohusishwa na mfumo huo. Zaidi ya watu mia tisa! Je, inawezekana katika mtandao mmoja wa ofisi, ndani ya miaka michache, mamia ya watu walioaminika katika jamii zao wageuke wezi kwa pamoja, na wote waanze wizi baada ya kuwekewa mfumo mpya? Swali hili lingeulizwa mapema na mtu mmoja mwenye mamlaka, watu wangapi wangepona? Lakini hali ilikuwa imejengwa kwa namna ya kuliepuka. Hata sheria ya Uingereza ilikuwa, tangu mwanzoni mwa karne hii, ikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mtu wa ofisi ndogo ya posta, asiyeweza kuingia ndani ya mfumo, angethibitisha kwa kitu gani?

Watu 555 waliungana wakafungua kesi wakiongozwa na mmoja wao, Alan Bates. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu ambazo ziliweza kuleta upungufu kwenye hesabu, na kwamba ilikuwepo njia ya kuzigusa kumbukumbu za ofisi kutoka mbali bila mwenye ofisi kujua. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa jumla, hatua ambayo si ya kawaida kwa Bunge kuichukua. Fidia zilizokwisha kulipwa zinazidi pauni bilioni moja. Wapo waliofariki kabla majina yao hayajasafishwa, na hao hakuna hesabu ya kuwarudishia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shirika lile halikukosa dalili. Simu zilipigwa, malalamiko yaliandikwa, mafundi walijua baadhi ya hitilafu na kuzipa majina. Kilichokosekana ni njia ya dalili hizo kufika mezani kwa waamuzi zikiwa bado ni dalili za mfumo, kabla hazijageuzwa kuwa tuhuma dhidi ya mtu. Nawaomba mjiulize, katika kampuni zenu: hesabu zikipishana, anayechunguzwa kwanza ni nani? Ni mfumo, au ni mfanyakazi? Kama jibu ni mfanyakazi, basi gharama ya programu yenu imekwisha kuhamishwa, na imehamishiwa kwa mnyonge kuliko wote.

Ndugu zangu, ipo pia gharama ya kuahirisha. Mfumo wa zamani unasumbua, lakini unakwenda. Kuubadilisha ni fedha nyingi zinazoonekana, na kuuacha ni fedha nyingi zisizoonekana, kwa hiyo kila mwaka bajeti inapopangwa, zinazoonekana ndizo zinazoogopwa. Mwezi Desemba 2022 dhoruba kali ya baridi ilipiga sehemu kubwa ya Marekani. Mashirika mengi ya ndege yalifuta safari. Baada ya siku chache mengine yalirudi kwenye hali ya kawaida, ila Southwest Airlines halikurudi. Programu yake ya kupanga marubani na wahudumu ilizidiwa na wingi wa mabadiliko, ikawa haijui nani yuko wapi. Ndege zilikuwepo, marubani walikuwepo, abiria walikuwepo, na wakati mwingine wote walikuwa katika uwanja mmoja, lakini hakuna aliyeweza kuwaunganisha isipokuwa kwa simu na kwa mkono, huku wafanyakazi wenyewe wakisubiri kwa saa nyingi simu zao zipokewe. Safari karibu 17,000 zilifutwa na abiria zaidi ya milioni mbili wakakwama wakati wa sikukuu. Chama cha marubani kilikuwa kimeonya kwa miaka kuhusu mfumo huo. Mwaka uliofuata Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ililipiga shirika adhabu ya dola milioni 140, juu ya zaidi ya dola milioni 600 ambazo abiria walirudishiwa na kufidiwa.

Mtaniambia: basi tubadilishe haraka. Hapana, haraka nayo ina ankara yake. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenda kwenye mfumo mpya mwezi Aprili 2018, wote karibu kwa mkupuo mmoja, mwishoni mwa juma. Data yenyewe ilihama salama. Kilichoanguka ni jukwaa la kuifikia: watu wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na baadhi wakaona akaunti za wengine. Benki ilichukua mpaka Desemba mwaka huo kurejea kwenye hali ya kawaida. Ilipata gharama ya pauni milioni 330 na kupoteza wateja wapatao 80,000, kisha mwaka 2022 wadhibiti wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65. Uchunguzi huru ulioagizwa na bodi yenyewe ulionyesha kwamba mpango wa kazi ulipangwa upya kwa kuanzia na tarehe ya mwisho, kisha shughuli zikabanwa zitoshee ndani yake, na bodi haikuuliza vya kutosha kwa nini kazi iliyochelewa sasa itawahi. Wajumbe wa bodi mliopo hapa, hilo ni swali la lugha ya kawaida kabisa. Halihitaji ufundi wa kompyuta. Linahitaji mtu mmoja wa kuliuliza na kukataa kuridhika na jibu la kupoza.

Na huenda mnafikiri kwamba majanga ya namna hii huja kwa miezi. Mwishoni mwa Julai 2012 kampuni ya Knight Capital, iliyokuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa hisa Marekani, iliweka programu mpya kwenye seva zake nane, yaani kompyuta kuu zinazoendesha kazi zake. Fundi aliiweka kwenye saba, ya nane ikasahaulika, na hapakuwa na mtu wa pili wa kuhakiki. Seva ile ya nane ilikuwa na kipande cha programu ya zamani ambacho hakikutumika kwa miaka, na soko lilipofunguliwa tarehe 1 Agosti, ishara iliyokuwa ikiwasha kazi mpya kwenye seva saba ikakiamsha kipande hicho kwenye ya nane. Maagizo yakaanza kumiminika sokoni bila kikomo. Katika kuhangaika, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye seva saba zilizokuwa nzima, na tatizo likasambaa kote. Ndani ya dakika kama 45 kampuni ilikuwa imepoteza zaidi ya dola milioni 440. Kabla ya soko kufunguliwa asubuhi ile, mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu. Hazikuwa zimepangwa kuwa tahadhari, kwa hiyo hakuna aliyezishughulikia. Mwaka uliofuata kampuni iliunganishwa na nyingine.

Nigusie kidogo mikataba, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu tunapojiona tuko salama. Muuzaji anapoahidi kwamba huduma yake itapatikana kwa asilimia 99 ya muda, masikioni inapendeza. Asilimia moja ya mwaka ni zaidi ya siku tatu na nusu. Na kama mauzo yenu yanapita kwenye mifumo mitano, kila mmoja na asilimia zake 99, kila mmoja ukianguka kwa wakati wake, basi mwaka mzima mtakuwa mmesimama kwa karibu siku 18. Ahadi hiyo haisemi siku zipi. Mifumo mingi huelemewa pale inapotumiwa na watu wengi kwa pamoja, yaani mwisho wa mwezi, siku ya mishahara, msimu wa mauzo. Saa moja ya siku hizo haiwezi kulinganishwa na saa moja ya usiku wa kawaida, ila kwenye mkataba zote mbili ni saa moja.

Tena someni kifungu cha fidia. Mara nyingi mtakuta kwamba huduma ikikatika, mtapunguziwa sehemu ya ada ya mwezi, na kwamba dhima yote ya muuzaji haizidi kile mlichomlipa ndani ya muda fulani. Mauzo mliyopoteza ni yenu. Wateja walioondoka ni wenu. Simsemi vibaya muuzaji, naye analinda biashara yake. Ninachosema ni kwamba karatasi ile haijaondoa hatari mikononi mwenu, imeeleza tu kwa upole kwamba itabaki kwenu.

Na hatari hiyo inaweza kutoka kwenye programu ambayo hata hamkuifikiria. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zilizokadiriwa na Microsoft kufikia milioni 8.5 duniani. Sasisho liliondolewa baada ya dakika 78. Lakini kompyuta iliyokwisha kuanguka haikuweza kupokea marekebisho kwa njia ya kawaida, na nyingi zilibidi zifuatwe na fundi moja baada ya nyingine. Hospitali, benki na viwanja vya ndege vilisimama. Je, mnajua ni programu ngapi kwenye kompyuta zenu zina ruhusa ya kujibadilisha zenyewe, kwenye mashine zote, kwa wakati mmoja? Ulizeni mkirudi kazini.

Nina maombi, na nayaelekeza kwanza kwa wenye kalamu ya kutia saini. Msinunue mfumo bila kumketisha kikaoni mtu atakayeutumia kutwa, na mpeni nafasi ya kusema mbele ya muuzaji. Msikubali kuambiwa tu kwamba nakala rudufu za data yenu zipo. Ombeni zirejeshwe mbele ya macho yenu, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Ulizeni mtatokaje: mkitaka kuondoka baada ya miaka mitatu, data yenu mtaipata katika muundo gani, kwa bei gani, na kwa muda gani? Mkiona muuzaji anababaika kwenye swali hilo, mmekwisha kupata jibu.

Kwa ndugu wahasibu, naomba mfungue mstari mpya kwenye vitabu vyenu. Kila saa inayotumika kuingiza taarifa mara mbili, kila marejesho kwa mteja yaliyotokana na hitilafu, kila zamu ya ziada ya kusafisha data, iandikwe hapo, chini ya jina la mfumo uliosababisha. Msingoje takwimu kamili. Makadirio ya miezi mitatu tu yatawatosha kukaa mezani wakati mkataba unaongezwa na kuuliza kama bei ile bado ni nafuu. Na madaftari ya pembeni yakusanyweni. Yasichomwe, na wenyewe wasikaripiwe, kwa sababu yale ndiyo ripoti ya kweli kuliko zote mlizonazo kuhusu mahali mfumo unapokosea.

Ombi langu la mwisho ni kwa wote wenye mamlaka juu ya mfanyakazi. Wekeni kwenye kanuni zenu, kwa maandishi, kwamba hakuna mtu atakayekatwa mshahara, kusimamishwa kazi au kupelekwa polisi kwa upungufu unaothibitishwa na mfumo peke yake, mpaka mtu asiye wa upande wa muuzaji awe ameukagua mfumo huo, na mtuhumiwa awe ameoneshwa kumbukumbu zote za miamala yake. Kanuni hii itawagharimu muda, tena muda unaoonekana. Naomba mkubali kuulipa.

Sasa nawasikiliza. Ningependa maswali yaanze na wale wanaotumia mifumo hii kila siku.